Jino Nililolikuta Ndani ya Tromboni ya Besi

Nilimimina maji ya moto kwenye bomba la tromboni, na kwenye karai likadondoka jino.

Sio la mbwa, sio la mbuzi. La mtu. Jino la mbele, la juu, pamoja na mzizi wake.

Mkikuta herufi zimerukwa humu mnivumilie. Naandika kwa simu, na mkono wangu wa kushoto umebaki na vidole viwili tu vinavyonisikia. Vingine vitatu vilikwendaje, mtajua mbele ya safari.

Naitwa Danford. Ni fundi bati, Iringo, Musoma mjini. Nashona majiko ya mkaa, naziba rejeta za magari, natengeneza makarai. Na kwa sababu shuleni nilikuwaga mpiga baritoni, bendi za makanisa huniletea matarumbeta yao yaliyobonyea. Bunda, Butiama, mpaka vijiji vya ziwani huko, tarumbeta likianguka watu wanasema mpelekeeni Danford.

Ndivyo Gasper alivyonifikia.

Alikuja Jumatatu, saa nne asubuhi, ametokea Kibara. Mwalimu wa bendi ya kanisa. Shati jeupe limenyooshwa mpaka mikunjo inakata, sauti ya taratibu, mtu wa kuheshimika kabisa. Amebeba kitu kimefungwa kwenye kitenge.

"Bwana asifiwe, fundi."

"Amina, mwalimu. Karibu."

Akafungua kitenge.

Daah. Nimeona matarumbeta yaliyoumia, lakini lile lilikuwa limeuawa.

Ilikuwa tromboni ya besi, ya zamani. Bomba lake nene kuliko la tromboni za kawaida, na sauti yake haitokei kifuani, inatokea tumboni. Wamisionari waliileta kabla baba yangu hajaoa. Dukani huikuti. Mwili wake ulikuwa mzima, bomba la kuteleza zima. Tatizo lilikuwa mdomo.

Niwaeleweshe. Mdomo wa tromboni ni ule upana wa mbele uliochanua kama ua, pale sauti inapotokea. Bila huo, umebaki na bomba la maji tu.

Sasa huo mdomo ulikuwa umejikunja mara tatu, umepasuka shingoni, unaning'inia.

"Imepatwa na nini?"

"Gari, fundi. Noah ilirudi nyuma, na vijana walikuwa wameilaza chini."

"Hii hainyooki tena, mwalimu. Hapa ni kutengeneza mdomo mpya kabisa."

"Ndio maana nimekuja kwako. Ufanane na wa zamani. Mtu akiutazama asijue. Tuna jubilei, wageni wanakuja."

"Nipe wiki mbili."

"Sawa. Na huu wa zamani, ukishachukua vipimo, uyeyushe. Usibaki."

Nikacheka. "Shaba haitupwi, mwalimu. Ni mali hii."

"Nimesema uyeyushe."

Alisema akitabasamu. Lakini mkono wake ulikuwa umeng'ang'ania ukingo wa meza yangu mpaka kucha zimekuwa nyeupe.

Alipoondoka nikachemsha maji nisafishe bomba. Ndipo likadondoka lile jino.

Nikamwita mke wangu, Nyangi, ambaye anauza samaki pale pale mbele ya karakana. Akaja anajifuta magamba mikononi. Akachungulia kwenye karai, akarudi nyuma hatua mbili.

"Baba Prosper, hiyo kitu irudishe kwa mwenyewe. Leo hii."

Nikampigia Gasper.

"Mwalimu, humu ndani nimekuta jino."

Nikasikia upepo wa ziwa kwenye simu yake.

"Jino gani?"

"La mtu."

Akacheka. "Kuna mtoto alianguka nayo mazoezini. Sasa fundi, wewe ni fundi wa bati au fundi wa meno?"

Akakata.

Lile jino lilikuwa la mtu mzima, limekaa rangi ya chai ukingoni. Nililiona hivyo, na bado nikalifunga kwenye karatasi, nikaliweka kwenye kopo la misumari, nikaendelea na kazi.

Mtaniuliza kwa nini. Nitawajibu bila kuzunguka.

Nilikuwa naitaka ile kazi. Hapa Mara sijasikia fundi aliyewahi kutengeneza mdomo wa tromboni kutoka kwenye shaba tupu. Wote tunanyoosha mibonyeo. Mimi nilitaka niwe yule aliyetengeneza. Nilishaanza kusikia watu wanavyonitaja.

Basi nikaanza.

Kwanza unakunjua ule wa zamani taratibu kwa nyundo ya mti, ili upate umbo lake. Ukingo wa mdomo huwa umekunjwa kuzunguka waya, uwe imara. Nilipofungua lile kunjo, nikakuta nywele.

Nywele fupi, nyeusi. Na kipande cha ngozi kimekauka kama ganda la dagaa.

Nikakaa chini. Hakuna Noah inayoacha nywele kwenye ukingo wa tromboni. Huyu mtu alipigwa. Alipigwa kwa nguvu mpaka shaba ikajikunja, na ikaondoka na nyama yake.

Hapo ndipo nilipotakiwa kwenda polisi.

Sikwenda. Nilitundika mdomo wa zamani kwenye msumari ukutani, nikaufunika na gunia, nikapanda gari kwenda Bunda kutafuta shaba.

Bunda kuna muuza chuma chakavu ana vitu vya kiwanda cha pamba kilichokufa zamani. Nikapata kwake bamba la shaba ya njano, safi, unene ule ule niliokuwa naupigia mahesabu. Kutoka hapo nikaenda Butiama kwa mjomba wangu Alfonce. Yeye anachonga vinu. Nikamchorea umbo, akanichongea gogo la mvule lililochanuka kama mdomo wa tromboni, ili nipate pa kupigia shaba.

"Hiki kinu cha kutwangia nini?" akaniuliza.

"Sauti, mjomba."

Akatikisa kichwa. "Mji umekuharibu wewe."

Shaba unaikata umbo la upepeo. Ukingo mmoja unaukata vijino vijino, unaukunja uumane na mwenzake, unachomelea kwa gesi. Kisha unapasha moto mpaka iwe nyekundu, unazamisha kwenye maji, inalainika. Unaivisha kwenye gogo, unagonga. Inakakamaa. Unapasha tena. Unagonga tena. Ukiwa na haraka, inapasuka.

Wa kwanza ulipasuka siku ya tano. Nilikaa nikauangalia ule ufa, machozi yananilengalenga. Kwa ajili ya shaba. Yule mtu mwenye nywele zake kwenye ukingo sikuwa nimemlilia hata mara moja.

Gasper alikuwa anapiga simu kila siku.

"Umeshayeyusha ule wa zamani?"

"Tayari, mwalimu," nikamdanganya. Hakuna fundi anayeharibu kipimo chake kabla kazi haijaisha.

Alhamisi ya wiki ya pili, saa nane mchana, wa pili ulikaa sawa. Nikaufunga kwenye tromboni. Ulikuwa unang'aa kiasi kwamba Nyangi aliuona kutoka kwenye meza yake ya samaki akasimama.

Nikavuta pumzi, nikapuliza noti moja ya chini, ndefu.

Jamani.

Yale mabati niliyoegesha ukutani yalitetemeka. Bodaboda waliokuwa wanabishana mpira wakanyamaza. Nikajisikia mtu mkubwa.

Sijashusha tromboni, mlangoni akasimama mwanamke. Mwembamba, wa miaka kama thelathini, mkononi ana chupa ya chai. Anahema kama aliyekimbizwa.

"Nani amepiga hiyo?"

"Mimi. Karibu, dada."

"Iko wapi?"

Nikainyanyua nimuoneshe, meno yote nje.

Alifungua ile chupa akanimwagia kifuani. Haikuwa chai, ni uji wa moto. Nilipiga ukelele, nikainama, na kabla sijanyanyuka alikuwa ameokota mkasi wangu wa bati, ncha yake ameikita shingoni kwangu, hapa pembeni ya koromeo. Nyangi alikimbilia ndani, naye akasimama palepale kwenye kizingiti, maana damu ilikuwa imeanza kutoka.

"Mama, ukisogea nasukuma," yule dada akamwambia. Halafu akanigeukia. "Wewe ni nani wake Gasper?"

"Si... si mtu wake. Fundi tu. Nimeletewa kazi."

"Unaijua hiyo tromboni ni ya nani?"

"Ya kanisa."

"Anaipiga kaka yangu! Miaka kumi na mitatu anaipiga! Nimekua naisikia nikiwa nimelala, nikiwa napika. Nimeisikia leo niko barabarani nampelekea uji hospitali, nikasema Kulwa kapona, kaamka kaanza kupiga. Nimekimbia kama mwehu!"

Akaanza kulia, lakini mkasi hakuutoa.

Nikamuonesha kwa kidole lile kopo la misumari. "Mke wangu, fungua hilo kopo. Mpe ile karatasi."

Nyangi akampa. Yule dada akafungua karatasi kwa mkono mmoja. Akaliangalia jino kwa muda mrefu. Halafu akashusha mkasi, akakaa kwenye debe la mkaa, akalifunga lile jino kwenye ncha ya khanga yake kama mtu anayefunga nauli.

Aliitwa Judith. Akatueleza.

Kanisa lao lilikuwa na boti ya kwenda visiwani kwa ibada za wavuvi. Injini ya ile boti iliibwa miezi kadhaa nyuma, watu wakatafuta wakachoka. Mwezi uliotangulia bendi ilikwenda kupiga kisiwani Rukuba. Kulwa akaiona ile injini kwenye mtumbwi wa mtu mwingine. Imepakwa rangi mpya, lakini aliitambua kwa kiraka, maana kile kiraka alikichomelea yeye mwenyewe. Akamuuliza mwenye mtumbwi kaipata wapi. Akaambiwa: kwa mwalimu Gasper.

Kulwa hakumtangaza mtu. Waliporudi Kibara, siku ya mazoezi, alimvuta mwalimu wake pembeni, kwa heshima, akamuuliza.

"Unajua alijibu nini?" Judith akasema. "Alirudi nyuma akapaza sauti: Mwizi wa injini huyu hapa! Amekiri kwangu mwenyewe! Basi. Watu walikuwa na hasira ya miezi, hawakuuliza la pili. Wengine mawe, wengine fimbo za kuchungia ng'ombe. Gasper akaichukua tromboni kutoka mikononi mwa kaka yangu. Akampiga nayo mdomoni. Mara tatu. Ya kwanza akiwa amesimama. Mbili akiwa chini."

Akashika ncha ya khanga, pale alipolifunga jino.

"Taya limevunjika sehemu mbili. Meno ya mbele yote hayapo. Wiki ya kwanza hakuweza hata kushika kalamu. Gasper akaandikisha kwamba ni wananchi wenye hasira, na yeye alikuwa anamkinga. Juzi Kulwa kaandika kwenye karatasi kwamba alimpiga na tromboni. Polisi wakamwambia Gasper ailete. Akasema iko Rukuba kwenye ibada, Jumatatu ataileta."

Akaniangalia.

"Sasa naiona hapa. Nzima. Inang'aa."

Ndugu zangu, nilihisi kama nimemwagiwa uji mara ya pili. Hakukuwa na jubilei. Hakukuwa na wageni. Ule mdomo nilioulilia machozi ulikuwa ni wa kuwekwa mbele ya polisi ili useme: mimi sijampiga mtu.

Nikainuka, nikavuta lile gunia ukutani. Mdomo wa zamani ukaonekana, umekunjuka nusu, nywele bado ziko kwenye ukingo.

Judith hakulia safari hii. "Twende nao polisi. Sasa hivi."

"Twende."

Nyangi akatoka kutafuta bajaji. Nikaanza kuufunga ule mdomo kwenye gazeti.

Ndio Gasper akaingia.

Kwenye simu alikuwa amesema atakuja kuichukua Ijumaa. Alikuja Alhamisi. Nyuma yake wanaume wawili wenye vifua vya kubeba magunia. Akaniona mimi, akamuona Judith, akaona kilichoko mikononi mwangu.

"Fungeni mlango," akasema. Sauti ile ile ya taratibu.

Mmoja alinipiga ngumi ya tumbo nikakunjika. Judith alimrukia wa pili na mkasi wa bati, akamchana shavu kutoka sikioni mpaka karibu na kidevu, damu ikaruka mpaka kwenye mabati. Yule bwana akamkamata shingo akamgongesha ukutani mara moja. Judith akateleza chini, macho wazi, hawezi kunyanyuka.

Gasper akauchukua mkono wangu wa kushoto, akaulaza juu ya fuawe. Akaokota nyundo yangu. Ya chuma, ya kilo moja.

"Uliniambia umeyeyusha."

"Mwalimu, subiri..."

Kidole cha kwanza.

Sikusikia maumivu mwanzoni. Nilisikia mlio, kama kukanyaga mahindi makavu. Maumivu yakaja baadaye, yakaja yote.

"Nani mwingine ameuona?"

"Hakuna! Nakuapia, hakuna!"

Cha pili.

"Ulimwita wewe huyu dada?"

"Hapana!"

Cha tatu.

Akaweka nyundo chini vizuri, kama mtu aliyemaliza kazi. Akajifuta jasho na leso. Akachukua tromboni kwa mkono wa kulia, na mdomo wa zamani akaukumbatia kifuani. Wakafungua mlango, wakatoka.

Hatua kumi hivi kutoka mlangoni, kelele ikapigwa.

"Mwizii! Mwiziii!"

Kama kuna mtu hajawahi kuona neno hilo linavyofanya kazi, amshukuru Mungu. Sekunde moja mtaa ulikuwa unanunua samaki. Sekunde ya pili kila mtu ana kitu mkononi.

Wale wawili walikimbia, mmoja kwa miguu, yule mwenye shavu lililochanika akadandia bodaboda ambayo ilikuwa haijajua kinachoendelea. Gasper hakuweza kukimbia. Alikuwa amebeba shaba mikono yote miwili, ana damu kwenye shati jeupe. Nani angemuuliza kitu?

Tofali la kwanza lilimpata nyuma ya sikio. Akapiga magoti. Mtu akampiga mnyororo wa baiskeli mgongoni, shati likafunguka. Mwingine akamkanyaga mkono. Alikuwa anasema "Mimi ni mwalimu, mimi ni mwalimu," na kila akisema wanazidi.

Kisha mtu mmoja, simjui mpaka leo, akaokota tromboni kutoka chini. Akaishika kwa bomba, kama shoka. Akampiga nayo Gasper mdomoni.

Mdomo wangu wa shaba, wa siku kumi na moja, ulijikunja mbele ya macho yangu. Ulijikunja vile vile kama ule wa kwanza.

"Leteni tairi!" sauti ikatoka nyuma.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, mkono wangu unachuruzika. Sikusogea.

Aliyesogea ni Judith.

Alinipita akiyumba, damu imemfunika jicho. Akapenya katikati ya watu akiwasukuma kwa viwiko. Nikajua anakwenda kummaliza. Na alikuwa na haki, nikasema moyoni.

Akajilaza juu ya Gasper. Mwili wake wote, mikono ameizungushia kichwa chake.

Watu wakashangaa. Jiwe moja lilikuwa limesharushwa, likamvunja mkono. Hakujitoa.

"Toka, mama! Unamkinga mwizi?"

"Msimuue!" akapiga kelele. "Akifa huyu, kaka yangu atabaki mwizi mpaka Yesu arudi! Huyu ndiye anayejua! Msimuueee!"

Akanitafuta kwa macho katikati ya miguu ya watu, akaniona.

"Fundi! Sema! Waambie!"

Nilikaa kimya. Hesabu pumzi tano. Zilikuwa pumzi tano.

Ndipo Nyangi akatokea na bajaji. Akaniona vile nilivyo, akaona kinachoendelea, akachukua ndoo yake ya maji ya samaki akawamwagia watu, anapayuka kwa Kizanaki na Kiswahili kwa pamoja. Nikaona aibu. Nikaenda na mimi, nikasimama juu ya wale wawili, nikanyanyua mkono wangu uliosagika.

"Basi! Mimi ndiye fundi mwenye karakana. Huyu anatakiwa polisi. Basi!"

Tairi lilikuwa limefika. Lilibaki limeegemea ukuta wa duka.

Gasper hakufa. Alipoteza jicho moja na meno ya mbele. Polisi walikuta barabarani midomo miwili ya tromboni, wa zamani na mpya, yote imejikunja, yote ina damu. Afisa mmoja akaniuliza upi ni upi. Ilibidi nioneshe kwa kidole.

Alipoweza kuongea alisema yote. Injini ikafuatwa Rukuba ikakutwa, na kiraka chake. Kesi iliisha mwaka huu, yuko ndani, na wale wawili wako naye. Kibara, kanisa zima lilisimama likamuomba Kulwa msamaha. Wengine waliokuwa wanaomba walikuwa wale wale wa mawe.

Nilimtembelea Kulwa hospitali, mkono wangu ukiwa na bandeji kama bondia. Taya lake limefungwa nyaya. Alikuwa ananiandikia kwenye daftari.

Akaandika: Fundi, tromboni umeitengenezea mdomo. Wangu nani atautengeneza?

Nikamrudishia daftari lake.

Sasa mnadhani nimemaliza. Watu wa Iringo huisimulia hii habari wakinisifu, fundi aliyemuokoa adui yake. Kanisani nimeshaitwa mbele kushuhudia. Nimeshuhudia. Nimepigiwa makofi.

Polisi waliniuliza siku ile: nani alipiga kelele ya mwizi? Nikasema sijui, labda mpita njia.

Nilipiga mimi.

Gasper alikuwa ameshaniachia. Alikuwa anaondoka. Jina lake nalijua, kijiji chake nakijua, namba yake ya simu ninayo. Ningeweza kumfuata na polisi jioni ile ile. Lakini nilikuwa na vidole vitatu vimesagika na moyo umejaa moto, na nilijua ni neno gani linaua haraka kuliko nyundo. Dakika chache nyuma nilikuwa nimetoka kumsikiliza Judith akinieleza neno hilo lilimfanya nini kaka yake. Nililijua vizuri. Ndio maana nilichagua hilo.

Judith alikuwa pale sakafuni, macho wazi. Alinisikia.

Hakusema polisi. Hakusema mahakamani. Mwezi uliopita alikuja karakana, mkono wake umepona lakini umepinda. Kanisa limemtuma: tromboni imerudishwa, wanaomba niitengenezee mdomo tena, na Kulwa atakuja kukaa nami anielekeze sauti, maana sikio lake bado zima.

Nikamwambia nitajaribu, ingawa vidole vyenyewe ndio hivi.

Akasimama kwenda. Mlangoni akageuka.

"Kaka Danford, yule wa Kibara aliyemuita kaka yangu mwizi tulimjua, tukamfunga. Wa Iringo yeye atafungwa lini?"

Hakusubiri jibu.

Jana nilikwenda polisi, nikamkuta yule yule afisa, nikabadilisha maelezo yangu. Aliandika, akaniambia nitaitwa. Nyangi analia tangu jana. Kulwa nimemwambia ana kwa ana. Alichukua nyundo ya mti akanipa, akanishikia shaba kwenye gogo, akasema kwa mdomo wake mbovu, "Gonga."

Ninachowaomba ni kimoja. Siku mkikuta mtu yuko chini anapigwa kwa jina la mwizi, msimuangalie yeye kwanza. Geukeni mtafute aliyepiga kelele ya kwanza. Mtazameni usoni, mumuulize anaogopa nini au ana hasira na nani.

Siku ile, kama kuna mtu mmoja tu Iringo angegeuka, angeniona mimi nimesimama mlangoni.